Hewa ya Mtu Mwingine

Kuna kazi ambazo mtu akizifanya vibaya aibu yake huonekana papo hapo. Mpishi akizidisha chumvi, walaji hukunja nyuso. Seremala akikosea kipimo, mlango haufungi. Lakini kuna kazi nyingine ambazo ubaya wake hauna rangi wala harufu wala sauti, na anayeumizwa nao hana njia ya kuukagua kabla haujamfika. Katika kazi za namna hii, mtu huyo analindwa na nini? Swali hili nimekuwa nalo kwa miaka mingi, ila sikupata njia nzuri ya kuliuliza mpaka Novemba 2019, nilipokaa siku chache kaskazini mwa Unguja, karibu na Nungwi, nikishinda katika kibanda cha mabati na kumtazama mpwa wangu akijaza hewa kwenye mitungi ya wazamiaji.

Mimi si mtu wa bahari. Umri wangu umekwenda katika vyuo vya ualimu, baina ya chaki na madaftari. Kwa hiyo nilipoiona mashine yake nilidhani ni pampu ya fundi wa magurudumu, imekuzwa tu. Mpwa wangu alicheka. "Mjomba," akasema, "ile hujaza tairi. Hii hujaza mapafu."

Nikamwomba anieleze, naye akanieleza kwa subira ambayo ningefurahi kuiona kwa wakufunzi wengi. Kompresa ile ina silinda tatu. Hewa huvutwa kwa bomba kutoka nje, ikaingia katika silinda ya kwanza iliyo kubwa na kubanwa mara sita hivi. Kisha huingia ya pili, ndogo zaidi, ikabanwa mara sita tena; halafu ya tatu, nyembamba kabisa, ikabanwa vivyo hivyo. Sita mara sita mara sita ni 216, na hapo ndipo unapopatikana mgandamizo wa mara 200 hivi ya hewa hii tunayotembea ndani yake. Mtungi mmoja, ambao kijana hubeba begani, huingia hewa lita 2,200 hivi. Mashine ya mpwa wangu ilisukuma lita 200 kwa dakika, kwa hiyo kila mtungi ulichukua dakika 11.

Hewa ikibanwa hupata joto, kama ajuavyo kila aliyewahi kupampu baiskeli. Hivyo baina ya silinda na silinda hupitishwa katika mabomba yaliyozungushwa kama nyoka, nayo hupigwa na feni. Ikipoa, unyevu uliomo hugeuka maji. Na hewa ya pwani yetu haina uchache wa maji: hewa iliyojaa unyevu katika joto la nyuzi 30 hubeba gramu 30 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo, karibu mara mbili ya ile ya nyuzi 20. Maji hayo hutoka yamechanganyika na ukungu wa oili, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Kila baada ya dakika 15 mpwa wangu aliinuka, akafungua vali ndogo, yakatoka kwa mfoko, akaifunga, akakaa. Hata alipokuwa katikati ya hadithi tamu aliinuka.

Mwisho kabisa hewa hupita kwenye chujio, nalo ni bomba nene la chuma lenye matabaka ndani yake. Kuna chembe za kunyonya unyevu uliobaki. Kuna mkaa ulioandaliwa kunasa mvuke wa oili. Na kwa mashine zinazoendeshwa na injini ya petroli, kama ile, huwekwa pia kemikali iitwayo hopkaliti, mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba, ambayo huigeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Lakini hopkaliti ikipata unyevu huacha kazi. Maana yake ni kwamba chembe za unyevu zikichoka, mlinzi wa mwisho naye hufa kimya kimya. Na chujio lililochoka, ukilitazama kwa nje, ni sawasawa na chujio jipya.

Ndiyo maana kuna daftari. Mashine ina kidude cha kuhesabu saa inazofanya kazi, na daftari huandikwa: leo saa kadhaa, oili imebadilishwa lini, chujio limewekwa lini, vali zimefunguliwa lini, ringi za pistoni zimepimwa lini. Oili yenyewe ni ya aina maalumu. Ukitia oili ya gari kwa kubana matumizi, au vali zikivuja na silinda ikapata joto kupita kiasi, oili huungua mlemle ndani na kuzaa sumu ileile tunayoikimbia. Maisha ya chujio nayo huhesabiwa kwa saa, na mahali pa joto saa hizo hupunguzwa, kwa sababu linakunywa maji mengi zaidi. Nililipekua daftari lile kama nilivyozoea kupekua maandalio ya masomo ya wanachuo. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini hapakuwa na siku iliyorukwa.

Hiyo sumu inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikakaa kwenye kiti cha mwenzake na kukataa kuondoka. Mwishoni mwa karne ya 19, John Scott Haldane, mtaalamu wa Kiskoti aliyechunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe, alishauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo, kama panya na ndege, kwa kuwa hao huzidiwa mapema kuliko mtu. Wachimbaji wa Uingereza walikwenda chini na ndege wa manjano ndani ya tundu mpaka 1986, uamuzi ulipotolewa wa kuweka vipimo vya kisasa mahali pao. Ndege alianguka, watu wakakimbia.

Mzamiaji hana ndege. Tena hali yake ni mbaya kuliko ya mchimbaji, kwani kina cha bahari huongeza nguvu ya kila anachokivuta. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu. Sumu ambayo ufukweni ingempa mtu kichwa kizito tu, kule chini humfanyia kazi kwa nguvu mara nne. Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma na kichefuchefu, mambo ambayo mtu yeyote aliyetoka kwenye mashua atayasingizia jua na mawimbi. Anaweza kuzimia majini bila kujua kwamba kuna jambo lilikuwa likitokea.

Sasa nieleze kilichotokea siku ya tatu ya ukaaji wangu.

Yalikuwa majira ya tanga mbili. Kusi alikuwa amechoka, kaskazi hajaingia, na upepo ulikuwa haujui kwao. Injini ya kompresa ilitoa moshi upande wa kaskazi wa kibanda. Bomba la kuvuta hewa lilikuwa upande wa kusi, juu ya mlingoti mfupi. Katika miezi ya kusi mpango huo ni salama, maana upepo huuchukua moshi na kwenda nao mbali. Kaskazi akiingia bomba huhamishwa. Hiyo ndiyo desturi yao kila mwaka.

Tulianza kujaza saa sita mchana. Kufikia saa kumi alasiri ilikuwa imejaa mitungi 22, imepangwa ukutani tayari kwa wageni wa asubuhi. Mpwa wangu aliinuka kwenda kumwaga maji, akasimama ghafla, akatoka nje. Nikamfuata. Mbele ya macho yetu moshi wa injini ulikuwa ukipanda taratibu, ukipinda juu ya mabati na kushuka upande wa pili, kule liliko bomba. Hakusema neno. Alirudi ndani akazima injini.

Upepo uligeuka saa ngapi? Hakuna aliyejua. Huenda ni dakika tano zilizopita, huenda ni saa mbili. Huenda moshi ule haukulifikia bomba hata kidogo. Huenda ulilifikia na chujio likafanya kazi yake barabara, kwani kwa mujibu wa daftari lilikuwa bado na saa zake. Kipimo cha gesi hakikuwepo pale. Mpwa wangu aliitazama mitungi kwa muda, halafu akainama akafungua vali ya mtungi wa kwanza.

Tajiri wake alifika ameisikia sauti, kwa kuwa mtungi ukifunguliwa hupuliza kama nyoka aliyekasirika. Sitamtaja, na sitaki msomaji amdhanie kuwa mtu mbaya. Alikuwa na mshahara wa watu kadhaa kichwani, na petroli haitolewi bure. Aliuliza: "Umenusa nini?"

"Sikunusa kitu, tajiri."

"Sasa unamwaga nini?"

"Hii haina harufu. Ningesubiri kunusa nisingemwaga kamwe."

Tajiri akafikiri, kisha akatoa shauri ambalo mimi mwenyewe, nikikiri, niliona ni la busara. "Basi mwaga mitatu ya mwisho. Ile ya mwanzo ni salama."

Mpwa wangu akauliza kwa upole, bila kejeli yoyote: "Kwa nini mitatu, siyo minne?"

Swali hilo halikupata jibu. Mitungi yote 22 ikafunguliwa, bomba likahamishwa, injini ikawashwa upya, na kazi ya kujaza ikaendelea mpaka saa nne za usiku. Asubuhi wageni walikuja wakicheka, wakapaka mafuta yao ya jua, wakachukua mitungi na kwenda zao. Hapana hata mmoja aliyeuliza hewa ile imejazwa lini, na nani, na upepo ulikuwa wa wapi. Mwisho wa mwezi bei ya petroli ya saa nne ilikatwa katika mshahara wa mpwa wangu.

Nimelizungusha jambo hili kichwani kwa miaka sasa, na nimejaribu kumpa tajiri haki yake. Anaweza kusema hivi: mtu akisimamisha kazi kwa kila shaka, hakuna kazi itakayofanyika duniani. Daktari hatapasua, dereva hatawasha gari, mama hatawasha jiko. Maisha yote ni kubahatisha kwa kiasi. Mpwa wako hakuwa na ushahidi, na kuharibu mali ya mtu bila ushahidi nako ni kosa.

Maneno hayo yana uzito. Lakini naona yanasahau swali moja: ni bahati ya nani inayochezwa? Dereva akiingia barabarani yumo garini pamoja na abiria wake; wakianguka ataanguka nao. Mama anayeonja mchuzi ataula pamoja na wanawe. Ajazaye mtungi hubaki ufukweni. Anayekwenda chini ni mwingine, ambaye hakuuona moshi, hakulisoma daftari, na hata angeambiwa asingejua la kufanya. Shaka niliyo nayo juu ya mali yangu naweza kuifanya nitakavyo. Shaka niliyo nayo juu ya pumzi ya mtu mwingine si mali yangu. Ikiwa yeye hawezi kudai ushahidi kwamba hewa ni safi, basi sina haki ya kudai ushahidi kwamba ni chafu.

Kuhusu woga wa kila kitu, naona daftari ndilo jibu. Mpwa wangu si mtu mwoga. Siku zote nilizokaa naye alifanya kazi kwa utulivu, kwa sababu maamuzi mengi yalikwisha kufanywa zamani, siku ambayo hapakuwa na mgeni anayesubiri wala tajiri anayehesabu petroli. Chujio hubadilishwa saa zake zikitimia, basi. Hiyo ndiyo faida ya kanuni: huandikwa siku ambayo hatujajaribiwa, ili itusemee siku ya majaribu. Anayesema "saa mbili zaidi haziui" mara nyingi ni mkweli. Lakini saa mbili hizo zikikubaliwa leo, kesho zitaomba mbili nyingine kwa hoja ileile, na hakuna mahali ambapo hoja hiyo itajisimamisha yenyewe. Kwa nini mitatu, siyo minne?

Ningeweza kuishia hapa, na insha ingeonekana nzuri: mzee amejifunza kitu kwa kijana. Lakini usiku ule, nikiisikiliza kompresa ikinguruma, sikuwa nikimfikiria mpwa wangu. Nilikuwa nikifikiri juu ya mwaka 1984.

Mwaka ule sikuwa mkuu wa chuo bado. Nilikuwa mkufunzi mwenye dhamana ya mazoezi ya kufundisha. Wanachuo wetu walitawanywa katika shule za msingi za wilaya nzima, na ilikuwa wajibu wetu kumfuata kila mmoja darasani, kukaa dawati la nyuma, na kumwona akifundisha. Wenye umri wangu wanaikumbuka hali ya miaka ile. Petroli ilikuwa haipatikani. Landrover ya chuo ilisimama kwenye gereji yake kwa majuma. Shule za karibu tulizifikia kwa miguu na baiskeli. Za mbali hatukuzifika. Lakini fomu zilitakiwa wizarani, na kwenye kila fomu palikuwa na mahali pa alama na mahali pa saini.

Nilijaza. Sikuwapa alama za juu sana, nikijiona mwadilifu kwa hilo. Nilimpa kila mmoja alama niliyodhani angeipata kama ningemwona. Walikuwa vijana wazuri, nchi ilihitaji walimu, na hakuna aliyeuliza. Nilisaini fomu 14. Kwa nini 14, siyo 15? Kwa sababu ya kumi na tano ilikuwa ya kijiji ambacho lori la pamba lilinifikisha.

Miaka saba baadaye, nikiwa mkuu wa chuo, nilitembelea shule moja mbali na barabara kuu. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa akifundisha kujumlisha sehemu. Ubaoni, kwa mwandiko mzuri wa chaki, alikuwa ameandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata sehemu mbili za tano. Alikuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Watoto zaidi ya 40 walikuwa wameinama wakinakili. Sehemu mbili za tano ni pungufu ya nusu. Yaani walikuwa wameongeza wakapungukiwa, na hakuna aliyeshtuka. Darasa lilikuwa kimya, safi, lenye nidhamu.

Mwalimu alifurahi sana kuniona. "Shikamoo, Mkuu," akasema, na nje ya darasa akanikumbusha, kwa fahari, kwamba alipita katika mikono yangu, na kwamba katika mazoezi ya kufundisha alipata B. Nilimwitikia. Tulikaa chini ya mwembe, nikachora chapati kwenye vumbi na kuigawa, na nusu saa baadaye alikuwa amelielewa jambo lile vizuri kabisa, kwani hakuwa mjinga. Ilihitajika nusu saa tu. Ingetosha mtu kukaa dawati la nyuma mara moja mwaka 1984. Badala yake miaka saba ya watoto ilikuwa imepita katika chumba kile, kila mwaka kundi jipya, wakivuta walichopewa kwa imani kamili. Sikumwambia kwamba B yake niliitunga mezani kwangu. Wakati ule nilijiambia nanyamaza ili nisimwumize yeye.

Nilipomsimulia mpwa wangu habari hii, asubuhi ya kuondoka kwangu, hakunihukumu wala hakunifariji. Alisema tu, "Mjomba, wewe hukuwa na petroli." Ni kweli, sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na kalamu, na kwenye fomu ile palikuwa na nafasi ya kutosha kuandika maneno mawili: hakutembelewa. Ukosefu wa petroli haukuwa kosa langu. Kosa langu lilikuwa kuiandika hewa nisiyoipima kuwa hewa safi.

Lugha yetu ina hekima ambayo mara nyingi tunaipita bila kuitazama. Kuamini, imani, uaminifu na amana ni maneno ya ukoo mmoja. Anayeamini na anayeaminiwa wamefungwa kwa kamba ileile, na katikati yao pamewekwa kitu, nacho ni amana. Mwenye kuweka amana haji kuikagua kila siku. Angeweza kuikagua asingehitaji kumwamini mtu. Kwa hiyo kutokuweza kwake kukagua si nafasi kwa aliyepewa kujipumzisha. Ndiko hasa kunakomfunga.

Tena kuna jambo moja linalonisumbua kwa namna nyingine. Ile mitungi 22 iliyomwagwa haitajulikana kamwe kama ilikuwa na sumu. Hewa ikishaachiwa haina ushahidi. Mpwa wangu alilipia petroli kwa tendo ambalo hawezi kuonyesha faida yake, na wageni wale wako makwao leo bila kujua kwamba kuna mtu aliwakesha. Nadhani ndivyo yalivyo mema mengi ya aina hii. Yakifanyika vizuri hayaachi alama yoyote. Yangu mimi yaliacha alama, kwa chaki, ubaoni.

Kabla sijapanda gari la kwenda mjini, nilipita kibandani kuaga. Alikuwa ameandika ukurasa wa siku ile ya upepo, nikausoma. Hapakuwa na maelezo marefu. Tarehe, saa za mashine, kisha mstari mmoja kwa mwandiko wake mbaya: mitungi 22 imemwagwa, upepo umegeuka, saa haijulikani.

Haijulikani. Neno hilo lingenitosha mimi mwaka 1984.